Mashine ya Kurusha Vipira Imegoma: Anza na Kipira, Mota Iache Kwanza

Wanaoniletea mashine hizi za kurusha vipira vya mpira wa meza huja na sentensi moja: "Fundi, mota imekufa." Naweka ndoo mezani, nafungua, na mara nyingi mota haina hatia. Kosa liko kwenye kipira, au kwenye njia ya kipira, au kwenye waya ulioliwa na chumvi ya bahari. Mota naiweka mwisho kabisa, na ningependa nawe uiweke mwisho, kwa sababu mota nzima ikishafunguliwa bila sababu ni nadra ifungwe ikiwa nzima.

Mwenyewe nililipa ada ya somo hili. Jioni moja Raskazone, hapa Tanga, watoto wamejipanga raketi mkononi, mashine ikanguruma ikasimama. Nikafungua mota, nikatoa kaboni (vile vijiti vinavyopitisha umeme ndani ya mota), nikazisugua, nikapaka grisi, nikafunga. Giza likaingia. Nilipokuwa narudisha vipira ndooni kimoja kikaniponyoka, kikadunda sakafuni na kwenda upande kama kaa. Kilikuwa kimebonyea. Ndicho kilichobana tangu mwanzo, na mimi nimeshinda nafungua kitu kisichoumwa.

Nazungumzia mashine za kujitengenezea za mazoezi ya mpira wa meza. Juu kuna ndoo, chini ya ndoo mota ya waipa ya gari, kisha bomba la plastiki, na mwisho wa bomba magurudumu mawili yanayozunguka kwa kasi na kurusha kipira upande wa pili wa meza. Kurusha ni rahisi. Kinachotesa watu ni kulisha: kutoa kipira kimoja, kimoja tu, ndani ya ndoo yenye vipira 100, kila baada ya sekunde moja na kidogo, bila kugoma.

Majina nitakayotumia ni haya. Nyota ni ile sahani ya mbao au plastiki inayozunguka chini ya ndoo, yenye mifuko pembeni. Kila mfuko unabeba kipira kimoja. Tundu ni shimo kwenye sakafu ya ndoo ambamo kipira huangukia. Kibanda ni kipaa kidogo juu ya tundu, kinachozuia vipira vya juu visiporomoke pamoja na kile kilichopata zamu. Mashine yangu ina nyota ya mifuko 3 na kidhibiti mwendo kinachoifanya izunguke kama mara 15 kwa dakika. 3 mara 15 ni vipira 45 kwa dakika. Kwa mtoto anayejifunza hiyo ni kasi ya kutosha, na wengine huomba niipunguze.

Kabla hujatia mkono

Chomoa betri. Usiizime swichi tu ukaridhika: chomoa waya. Mota ya waipa imetengenezwa kusukuma kioo chenye mvua na matope, haitajali kidole chako. Magurudumu ya kurushia nayo hunasa ushungi, mkono wa kanzu, hata kamba ya filimbi shingoni. Wala usichungulie mdomo wa bomba mashine ikiwa na umeme, hata kama "haifanyi kazi". Kipira kina uzito wa gramu 2.7 tu, lakini jicho haliulizi uzito.

Vifaa vya kupimia ni vichache: maltimita (kipima umeme) ya bei ndogo, taa ya indiketa ya gari ya volti 12 wati 21 iliyoungwa nyaya mbili, na pete. Pete unaitengeneza mwenyewe kwa kutoboa shimo la milimita 41 kwenye kipande cha plaiwudi na kulipiga msasa likalainika. Utaona kazi yake sasa hivi.

Nyota inazunguka, lakini vipira havishuki

Hili ndilo linaloongoza, na ndilo watu hulielewa vibaya kuliko yote. Ukisikiliza, mota inakwenda vizuri, mifuko ya nyota inapita mitupu, na juu yake vipira vimetulia kana kwamba vimegandishwa.

Sababu ya kwanza ni daraja. Vipira vya duara vikishuka kuelekea mahali pembamba hushikana mabega na kutengeneza tao, kama mawe ya mlango wa msikiti wa kale: kila kimoja kinamzuia mwenzake asianguke. Kadiri shingo inavyokuwa nyembamba ndivyo tao linavyojengeka upesi. Shingo yenye upana wa vipira viwili au vitatu itaziba kila dakika. Ikifika upana wa vipira vitano, tao huwa nadra. Kwa kipira cha milimita 40 hiyo ni sentimita 20. Kwa hiyo mtu aliyekata chupa ya maji ya lita 5, akaigeuza kichwa chini akaita hopa, amejitengenezea kiwanda cha matao.

Angalia kwa macho kwanza. Gonga ndoo kwa kiganja. Vipira vikishuka, ni daraja, na hakuna haja ya kugusa kitu kingine. Dawa ya muda ni kupunguza vipira. Ndoo ya lita 20 inaweza kumeza zaidi ya 300, lakini nani amekutuma uijaze? Vipira 100 vinachukua kama lita 6 na vinatosha. Dawa ya kudumu ni kuondoa shingo: acha nyota iwe pana karibu sawa na sakafu yote ya ndoo, na tundu likae pembeni. Kisha panda juu ya nyota kijiti kimoja kinachopinda, urefu wa kiganja, kizunguke nayo na kuvitikisa vipira. Mimi hutumia kipande cha bomba la maji la mpira. Chuma usiweke, kitapasua vipira na kelele zake zitakukimbiza nyumbani.

Sababu ya pili ni vipira vipya. Hutoka kwenye boksi na unga mweupe ambao unatumika kiwandani. Unga huo ukikutana na jasho la mikono na unyevu wa pwani yetu unakuwa kama ugali mwembamba juu ya ganda. Vipira vinanata, havibingiriki. Vioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, suuza, anika kivulini. Juani hapana. Niliwahi kuacha mfuko mzima juu ya dashibodi ya gari mchana mmoja wa kaskazi, nikarudi nikakuta mayai.

Sababu ya tatu ni mfuko wa nyota kuwa mdogo. Mwaka 2000 kipira rasmi kilibadilika kutoka milimita 38 kwenda 40, na mwaka 2014 vikaja vya plastiki vinavyoandikwa 40+, ambavyo vingi vimezidi 40 kwa sehemu ndogo ya milimita. Mtu aliyekata nyota kwa kipimo cha kipira kimoja alichokiokota uvunguni anaweza kuwa amekata kwa cha zamani. Mfuko uwe milimita 44 au 45.

Sababu ya nne, mara chache: nyota imekaa chini mno au juu mno. Inatakiwa imsukume kipira tumboni, milimita 20 kutoka sakafuni. Ikimsukuma chini ya hapo, anapanda juu ya nyota na kuiendesha kama farasi. Weka washa (kile kipande bapa cha duara kinachokaa chini ya nati) chini ya nyota mpaka kipimo kikae.

Nyota imesimama, mota inanguruma

Zima mara moja. Nakazia: mara moja. Mota ya waipa ikienda bila mzigo hula ampea 1 au 2. Ikizuiwa isizunguke huku umeme unaingia, inaweza kula zaidi ya 15, na zote hizo zinageuka joto ndani ya nyaya zake. Dakika chache zinatosha kuichoma, na hapo sasa ndipo maneno ya "mota imekufa" yanakuwa kweli, umeyatimiza mwenyewe.

Halafu kuna jambo linalowapoteza wengi. Wanachomoa betri, wanashika nyota kwa mkono, wanajaribu kuizungusha, haisogei hata kidogo. "Imekamata." Haijakamata. Ndani ya mota ya waipa kuna skrubu inayozungusha gia. Skrubu inaweza kuizungusha gia, lakini gia haiwezi kuizungusha skrubu. Hata mpya kutoka dukani haizunguki kwa mkono kupitia mhimili wake. Ukitaka kuirudisha nyuma, badilisha nyaya, chanya iende kwa hasi, uiguse betri kwa sekunde moja tu. Itarudi kinyume na kuachia kilichobanwa. Fanya hivyo ikiwa mota imefungwa juu ya mbao, kwa sababu mota nyingi za magari zinatumia bodi yake kama waya wa hasi, na bodi hiyo ikigusa chuma cha fremu utapata cheche.

Sasa tafuta kilichobana, kwa mpangilio huu. Kwanza kipira kilichopasuka au kubonyea. Pitisha vyote kwenye pete ya milimita 41, kila kimoja kwa kukigeuza pande mbili tatu, kisha kibingirishe juu ya kioo au sakafu ya marumaru. Kinachoyumba kama mlevi kitupe. Usikirudishe ndooni ati "kitasaidia kujaza". Watu wa Tanga tunasema waja leo waondoka leo. Kipira kibovu si hivyo: kikiingia ndooni hakiondoki, kinazunguka humo humo mpaka kipate pa kubana.

Pili ni ukingo wa kibanda. Hapa ndipo akili nyingi za kubuni hukwama. Nyota inaleta kipira kuelekea chini ya kibanda. Kama kipira kingine kimekaa nusu juu yake, ukingo mgumu wa kibanda unakikata kiuno: nyota inasukuma, kibanda kinazuia, na katikati kuna ganda jembamba la plastiki. Ama linapasuka ama nyota inasimama. Watu huongeza nguvu ya mota. Kosa! Ukiongeza nguvu unaongeza idadi ya vipira vilivyopasuka. Lainisha ukingo badala yake. Nimejaribu brashi ya rangi, nimejaribu sponji, na kilichodumu ni kipande cha ndala kuukuu kilichokatwa kwa mshazari na kufungwa kwa skrubu mbili, kikining'inia sentimita moja mbele ya kibanda. Kipira cha juu kikija kinakutana na ndala, ndala inapinda kidogo na kukitelezesha pembeni. Mshazari una maana: ukikata wima, kipira kinagonga uso kwa uso, ukikata kwa kulalia kuelekea nje, kinaonyeshwa njia ya kutokea.

Tatu, bomba limejaa hadi juu na kipira hakina pa kuangukia, kwa hiyo kimeketi nusu ndani ya tundu na nusu ndani ya mfuko. Hilo ni tatizo la huko chini, soma sehemu ya magurudumu.

Nne ni skrubu iliyolegea ikatokeza sakafuni, au mchanga. Ukichezea baraza za karibu na ufukwe, mchanga utaingia tu. Pangusa sakafu ya ndoo kila jioni kwa kitambaa kikavu.

Mota inasikika inazunguka, nyota haisogei

Kabla ya kuwaza gia imeliwa, shika nati ya juu. Mhimili wa mota ya waipa ni mwembamba juu mpana chini, una mikwaruzo, na kinachoishika nyota ni ile nati tu kuibana chini. Mtikisiko ukiilegeza, mhimili unazunguka peke yake. Kaza kwa spana, weka washa ya springi. Ikiwa nati imekaza na mhimili wenyewe hauzunguki ilhali mota inavuma, basi gia ya ndani, ambayo kwa mota nyingi ni ya plastiki, imeisha meno. Hapo nunua mota nyingine kwa wauza spea za mtumba. Ukibadilisha gia peke yake utatumia muda mwingi kuliko thamani yake.

Vinatoka viwili viwili, au zamu inarukwa

Viwili viwili: kibanda ni kifupi, au mfuko ni mkubwa kiasi cha kubeba kimoja na robo. Kibanda kifunike tundu lote na kizidi mbele na nyuma kwa nusu ya kipira.

Kurukwa zamu kuna sababu ya kuvutia kidogo, nivumilie. Kipira kikifika juu ya tundu kinahitaji muda wa kuanguka. Kushuka kimo chake chote, milimita 40, kinachukua karibu sehemu 9 za mia za sekunde. Nyota ikizunguka mara 15 kwa dakika, na mfuko uko sentimita 10 kutoka katikati, katika muda huo mfuko unasogea milimita 14 hivi. Haina shida. Lakini ukiunga mota moja kwa moja kwenye betri bila kidhibiti, inakwenda kama mara 45 kwa dakika, na mfuko unasogea milimita 42. Kipira kimeshavuka tundu kabla hakijazama! Ama kinarukwa, ama kinagonga ukingo wa pili na kubanwa.

Kwa hiyo punguza mwendo kwanza. Kama huwezi, refusha tundu kwa tupa kuelekea upande inakokwenda nyota, liwe na umbo la maharage badala ya duara. Na usipunguze mwendo kwa kuunga betri ya volti 6 au msururu wa vizuizi vya umeme (rezista). Mota inapoteza nguvu na itasimama kwa kipingamizi chochote. Tumia kidhibiti kinachokata na kuwasha umeme upesi upesi, hicho kinapunguza mwendo na bado mota inabaki na msuli. Vinauzwa vidogo kama kiberiti. Chagua cha ampea 10 kwenda juu hata kama mota inakula 2.

Kipira kinafika kwenye magurudumu, kinakaa hapo

Unaviona kupitia mwisho wa bomba: kimoja kinagusa magurudumu na kutetemeka, vingine vimepanga foleni nyuma yake kama abiria wa daladala ya mwisho.

Wengi hudhani vipira vya nyuma vitakisukuma. Piga hesabu: vipira 10 kwenye bomba ni gramu 27. Hiyo si nguvu ya kusukuma kitu. Magurudumu ndiyo yanatakiwa kukivuta, na yatakivuta tu yakikishika. Pima nafasi kati ya gurudumu na gurudumu. Iwe pungufu ya kipira kwa milimita 2 hadi 4, yaani 36 hadi 38. Ikiwa 40 kipira kinapita kinatambaa. Ikiwa 33 kinagoma au kinapasuka.

Kisha angalia uso wa magurudumu. Mji huu wa baiskeli hautakunyima tyubu kuukuu, na tyubu ndiyo kivisho kizuri kuliko vyote nilivyojaribu, ila ikishika unga na vumbi inang'aa na kuteleza. Ioshe kwa sabuni, isugue kwa msasa mwepesi. Usipake mafuta ya aina yoyote karibu na hapo, hata yale ya cherehani.

Ikiwa yote hayo ni sawa, tatizo ni mpangilio wa kuwasha. Magurudumu yaanze kwanza, hesabu mpaka tano, ndipo uwashe nyota. Ukiviwasha pamoja, kipira cha kwanza kinafika magurudumu yakiwa bado yanajikongoja na kinakuwa kizibo. Swichi mbili badala ya moja zinamaliza kesi.

Na bomba lenyewe? Nenda dukani na kipira mkononi, usinunue kwa kutajiwa inchi. Kipira kipite ndani kwa kuacha nafasi ya milimita 3 hadi 6, si zaidi. Bomba likiwa pana vipira vinakaa kulia, kushoto, kulia, kushoto, kila kimoja kinamsukumia mwenzake ukutani, na msuguano unavila. Kwenye kona tumia bendi ndefu, elbo ya kona kali inakamata. Sehemu za kuunganisha ziwe kama mabati ya paa: bomba la juu liingie ndani ya la chini, ili kipira kisikutane na ngazi. Ingiza kidole usikie kama kuna makovu ya msumeno au gundi iliyoganda, msasa unaondoa.

Kimya kabisa

Fuata waya kutoka betri kuelekea mota, usiruke hatua. Fyuzi. Vichwa vya betri. Swichi. Viungo. Mwisho kabisa kaboni za mota.

Pwani ya kwetu mshukiwa mkuu ni kutu. Shaba inaota ukungu wa kijani, vichwa vya betri vinaota unga mweupe, na kwa nje waya unaonekana mzima. Vuta kila kiungo polepole. Kinachotoka mkononi ndicho. Kata mpaka shaba ing'ae, unga upya kwa risasi ya kulehemu, funika, na upake vaselini kwenye vichwa vya betri. Viungo vya kusokota na kufunga gundi ya karatasi havimalizi msimu mmoja hapa.

Kuna angalizo la kulehemu. Vipira vya zamani, kabla ya plastiki, ni vya seluloidi, na seluloidi inawaka kama petroli. Ukikikata kimoja kikanukia kafuri, ndicho hicho. Ondoa ndoo yote mbali kabla hujawasha pasi ya kulehemu.

Mota nyingi za waipa zina nyaya nne au tano: mwendo mdogo, mwendo mkubwa, hasi, na zile za kurudisha waipa mahali pake. Usizozihitaji zifunge moja moja zisigusane. Kupata unayoihitaji, tumia ile taa ya wati 21: iunge mfululizo kati ya betri na mota, kisha jaribu nyaya. Mota ikizunguka taratibu na taa ikiwaka hafifu, umeipata. Taa ikiwaka kwa nguvu zote na mota imetulia, umegusisha njia ya mkato, na taa imeokoa fyuzi yako.

Fyuzi inaungua

Ikiungua papo hapo unapowasha, kuna waya umegusa bodi au nyaya mbili zimegusana. Weka ile taa mahali pa fyuzi na utikise nyaya. Taa ikipepesa umefika penyewe. Ikiungua baada ya dakika kadhaa, nyota inazidiwa, rudi kwenye vipira na kibanda. Ikiungua mara mojamoja wakati wa kuanza tu, fyuzi ni ndogo: ya ampea 5 badilisha kwa ya 7.5, ile ya kahawia.

Hapo ndipo mwisho wa kupandisha. Kuna kijana aliniletea mashine ikiwa na karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara mahali pa fyuzi. Waya wote ulikuwa umeyeyuka ukashikana na ndoo. Aliniuliza kama mota inaweza kupona.

Inaanza na nguvu, inachoka

Betri ya asidi ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.1 imebaki nusu au chini. Pima tena mashine ikiwa inafanya kazi: ikishuka chini ya 11.5, betri ndiyo mgonjwa, haijalishi umeichaji usiku kucha.

Halafu piga hesabu ya matumizi. Nyota ampea 1, magurudumu 3, jumla 4. Betri ndogo ya ampea-saa 7 (7Ah), kwa karatasi, ingekupa saa moja na dakika 45. Kwa kuitunza uihesabie nusu ya hapo. Anayetaka mazoezi ya alasiri nzima atafute kubwa.

Betri ikiwa nzima, pima volti kwenye vichwa vya betri kisha kwenye mota, vyote mashine ikizunguka. Tofauti ikizidi nusu volti, waya ni mwembamba au kuna kiungo kibovu. Tumia waya wa milimita 1.5 za mraba. Zile nyaya za spika zinapendeza kwa rangi tu.

Hapa weka bisibisi chini

Kazi yote niliyoeleza ni ya volti 12. Ukitumia adapta au chaja ya ukutani na ikawa na harufu ya kuungua, au mashine inakupiga shoti ukigusa fremu, usiifungue. Ndani kuna volti 230, na kapasita zake hubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa. Izime kwenye swichi kuu, mpe fundi umeme aliyesomea.

Betri za lithiamu za laptop kuukuu nazo, ambazo vijana wanazipenda kwa wepesi: iliyovimba usiichaji, usiitoboe, usiibonyeze irudi. Itoe nje ya nyumba, iweke juu ya mchanga mbali na kitu kinachoungua, na umwite anayezijua. Betri ya asidi inayochemka au kunuka mayai viza wakati wa kuchaji, kata chaji, fungua madirisha, usiwashe kiberiti. Asidi ikikurukia jichoni osha kwa maji mengi yanayotiririka na uende hospitali huku bado unaosha kama inawezekana.

Na moshi ukitoka ndani ya mota, usiiwashe tena "kuona kama". Umeshaona.

Kelele za kukwaruza

Mara nyingi nyota inagusa ukuta wa ndoo upande mmoja, kwa sababu ndoo si duara kamili. Punguza nyota kwa tupa hapo inapogusa. Kama kelele inatoka chini, geuza ndoo uangalie mhimili. Wanaofunga wavu wa kudakia vipira kwa kamba ya katani watakuta nyuzi zimejisokota mhimilini, zimebana kama uzi kwenye cherehani. Usizivute, zinakaza zaidi na kuingia kwenye bushi. Zikate kwa wembe kwa urefu wa mhimili, zitoke vipande vipande, kisha uhamishie wavu kamba ya nailoni ya wavuvi.